Kisogo cha Mwalimu Bakari

Walimu vijana, mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, sasa kwa kuwa nimestaafu na sina la kufanya ila kugombana na kuku. Nitawaandikia. Lakini vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vilikuja kwa kuchelewa, mishahara ikaja kwa kuchelewa zaidi, na hapo hamna mtakalojifunza isipokuwa subira. Na nitabaki katika miaka ya hamsini tu. Baada ya hapo, kila kilicholetwa kwa jina la mbinu mpya nilikuwa nimekwisha kukutana nacho, kimebadilishwa kofia.

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha ilikuwa Kwale, kule juu mlimani, asubuhi ya umande. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiwa na cheti, sanduku la bati na soksi ndefu zilizoniwasha. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba somo lina hatua zake, na hatua ya kwanza ni kuamsha hamu ya mwanafunzi. Nikasimama mbele ya darasa kuamsha hamu. Darasa lilikuwa nusu tupu. Wenye hamu walikuwa bado wako kwa maalimu wao wa Kurani, na walipomaliza na kuteremka shuleni, mimi nilikuwa hatua ya tatu. Nikarudi ya kwanza. Wakaingia wengine. Nikarudi tena ya kwanza. Kufikia mapumziko nilikuwa nimeamsha hamu mara nne na sijafundisha kitu.

Mwalimu mkuu wangu, mzee mmoja wa Tiwi aliyekuwa akifundisha tangu mimi sijazaliwa, alinitazama kutoka mlangoni, akaja taratibu.

"Mwanangu," akasema, "somo ni lako, lakini watoto ni wa wenyewe. Anza wakifika."

Hiyo ndiyo kozi fupi kuliko zote nilizowahi kuhudhuria, na ndiyo pekee ambayo sikuambiwa mwaka uliofuata kwamba imepitwa na wakati. Mzee yule alinifundisha pia kuupaka ubao weusi kwa makaa yaliyosagwa na majani ya muhogo, na kuvunja chaki vipande vitatu ili kimoja kikiibwa viwili vibaki. Mambo haya hayakuwamo katika cheti changu.

Kozi sasa. Kila likizo, wakati binadamu wengine wakipumzika, sisi walimu wa pwani ya kusini tuliitwa kozini. Mwaka mmoja tuliambiwa kwamba mtoto hujifunza kwa sikio, kwa hiyo kila kitu kiimbwe. Tukaimba hesabu mpaka tukakauka koo. Mwaka uliofuata tukaambiwa tuache makelele, mtoto hujifunza kwa jicho, kwa hiyo kila somo liwe na vielelezo. Tukaokota vifuu, kokwa za embe na makombe ya pwani, na madarasa yetu yakafanana na jaa. Mwaka wa tatu ikawa mtoto hujifunza kwa mikono, tukafinyanga udongo, na mimi nikarudi nyumbani na nguo ambazo mke wangu alikataa kuzifua. Nilikaa nikingojea mwaka wa pua.

Msidhani nabeza kujifunza. Kilichonikera ni kwamba kila mbinu ilikuja kana kwamba kabla yake tulikuwa tumelala. Aliyetufundisha kuimba ndiye aliyekuja kutukataza kuimba, na hakuona haya hata kidogo.

Baadaye nilipewa baiskeli na kazi ya kuzungukia shule ndogo ndogo kutoka Diani hadi huko mpakani, niwasaidie walimu wasio na vyeti. Ndipo nikaijua Bodo, na ndipo nikamjua Mwalimu Bakari.

Bodo iko kule kwenye mikoko, upande wa Funzi, na enzi hizo kufika huko kulitaka baiskeli, miguu na imani. Shule ilikuwa banda la miti ya mikoko na makuti, wenyeji wameijenga kwa mikono yao, ikiwa na madarasa mawili na mwalimu mmoja. Mwalimu Bakari hakuwa na cheti chochote. Alikuwa mtu mzima, amenizidi miaka kumi na tano au zaidi, mtulivu, na watoto walimpenda kwa namna ambayo sikuielewa, kwa sababu nilipomwona anafundisha nilishika kichwa. Aliufundisha ubao. Aliingia, akasalimu, akaugeukia ubao, na hakugeuka tena. Aliuliza ubao swali, akaujibu, akaupongeza. Nyuma yake watoto walibadilishana kaa kwa maandazi, na mmoja alitoka dirishani akaenda zake.

Lakini huyohuyo, mtoto asipofika shule, alivua viatu akamfuata mpaka ndani ya matope ya mikoko. Hakuna shule katika mzunguko wangu iliyokuwa na mahudhurio kama Bodo. Kwa hiyo mtu asiniambie alikuwa mwalimu mbaya. Alikuwa mwalimu mzuri aliyetazama upande usiofaa.

Kisha ikaja amri kutoka ofisini: kila mwalimu asiye na cheti atafanya mtihani wa kufundisha mbele ya mkufunzi. Atakayefaulu atapewa cheti. Atakayeshindwa ataondolewa. Na Bodo, Mwalimu Bakari akiondolewa, ingefungwa, maana mwenye cheti wa kukubali kukaa huko hakuwapo. Nilikuwa nimekwisha kupeleka wawili. Wa kwanza aliondoka alipowasikia mbu. Wa pili alikaa mpaka mbu wakamtia homa.

Habari hiyo ilifika Bodo kabla yangu. Siku moja nikiwa nyumbani Msambweni nikabishiwa hodi na Bi Mwanasha. Huyu alikuwa mama wa watoto wawili wa shule ile. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mumewe, ila sauti iliyosikika mkutanoni ilikuwa ya mkewe. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza jambo moja tu," akasema, hata maji hajanywa. "Mwalimu wetu akishindwa, watoto wataenda wapi?"

"Shule ya karibu ni ile ya ng'ambo."

"Ng'ambo ya mikoko. Na maji yakijaa?"

Nikamsogezea maji anywe.

"Basi mfundisheni," akasema. "Si ndiyo kazi yenu? Kutwa kozi, kutwa kozi. Mfundisheni huyo mmoja."

Niliona haya, na niliona hasira pia, kwa sababu alikuwa na haki.

Likizo iliyofuata kozi ilifanyika hapohapo Msambweni, na mbinu ya mwaka ule ilikuwa kikao cha kukosoana. Mwalimu mmoja anafundisha darasa la watoto waliokusanywa mtaani, wenzake wanakaa nyuma wakitazama, kisha watoto wanaondoka na walimu wanamwambia mwenzao makosa yake waziwazi. Aliyeileta ni kijana wa Kiingereza tuliyemwita Bwana Mkufunzi, mwenye soksi ndefu kuliko zangu na nia njema kupita kiasi. Kiswahili alikijua, cha kitabuni, lakini alikijua. Yeye huyohuyo ndiye angesimamia mitihani.

Nikamtanguliza Mwalimu Bakari. Nilisema moyoni, leo ataambiwa na watu zaidi ya ishirini, atasikia. Akafundisha. Ubao ukafundishwa kwelikweli. Watoto wakaondoka, Bwana Mkufunzi akasugua mikono.

"Haya, walimu. Mmeona makosa gani?"

Mmoja akakohoa.

"Mashallah," akasema wa mbele, "Mwalimu Bakari ana mwandiko mzuri."

"Na sauti," akasema mwingine. "Sauti yake inatuliza."

"Na amevaa vizuri."

"Sawa," akasema Bwana Mkufunzi. "Na makosa?"

Mwishowe mwalimu mmoja mzee wa Kombani akainuka, akanyoosha kanzu yake, akasema kwa upole, "Bwana, makosa ni yetu sote wanadamu. Ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake."

"Kweli kabisa," wote wakaitikia, na kikao kikaisha.

Nilitamani kulia. Wote walikuwa wameona. Nilimwona jirani yangu akijiziba mdomo asicheke. Lakini nani atamwambia mtu mzima, mbele ya watu, mbele ya Mzungu tena, kwamba hajui kazi yake? Kwetu huko si kukosoa, ni kumvua mtu nguo. Bwana Mkufunzi alidhani hatujaelewa zoezi, akatueleza upya kwa dakika nyingi mno. Tulielewa tangu mwanzo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, methali hiyo tunaijua kuliko yeye, lakini kuijua methali na kumwambia mgema ni mambo mawili.

Nikaazimia kumwambia mwenyewe, faraghani. Jioni nikamfuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikazunguka. Nikauliza hali ya watoto, ya wazee, ya mikoko. Kisha nikasema, "Ubao wa Bodo ni mzuri sana, Mwalimu. Mtu anaweza kuutazama kutwa, akasahau hata yaliyo nyuma yake."

Uso wake ukang'aa. "Ahsante sana. Nimeupaka kwa mkono wangu."

Nikarudi kulala na hasira zangu. Na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani, yeye aliyekuwa mpole, wenzangu waliokuwa na adabu, au Bwana Mkufunzi aliyekuwa na nia njema. Hakuna kitu kinachochosha kama kuzungukwa na watu wema wakati kazi inaharibika.

Kesho yake mchana, tukila, akafika Mwalimu Rashidi wa Diani, aliyekuwa amechelewa kozi kwa sababu ya msiba. Sasa, Rashidi na Bakari walikuwa watani. Kwa msomaji wa mbali nieleze: kuna koo ambazo tangu mababu zimepeana ruhusa ya kuambiana lolote bila kukasirikiana. Mtani anaweza kuja matangani kwako akalizuia jeneza mpaka apewe chochote, na waliofiwa watacheka huku wakilia. Hakuna wa kumkemea, ni haki yake. Rashidi alikuwa amesimuliwa somo la jana pale mlangoni. Hakukaa hata chini. Akachukua kawa lililofunika sinia la wali, akalisimamisha ukutani, akatupa mgongo, akaanza:

"Ubao, hujambo? 'Sijambo, Mwalimu!' Ubao, mbili na mbili ni ngapi? 'Nne, Mwalimu!' Hodari sana! Mpigieni ubao makofi!"

Tukaangua kicheko, wali ukamwagika. Mimi nikamtazama Bakari kwa hofu. Alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mjinga mkubwa wewe! Kweli nafanya hivyo?"

"Wallahi! Watoto wa Bodo wakikukuta njiani hawakujui kwa uso, yakhe. Wanakujua kwa kisogo. Siku ukinyoa watadhani umehamishwa."

"Astaghfirullahi," akasema Bakari, akijifuta macho. Kisha akanigeukia mimi, uso umemtulia. "Na wewe uliona?"

"Niliona, Mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

Nikaanza kuokota wali uliomwagika. Ningemwambia nini?

Alasiri ile, Bwana Mkufunzi akiwa amepanda Kwale kwa shughuli za ofisi, nilipanga kikao upya. Kila mwalimu akosolewe na mtani wake. Asiye na mtani akosolewe na shemeji yake, maana mashemeji nao wana ruhusa yao. Subhanallahi, hamjaona kikao kama kile. Kila kosa lililokuwa limefichwa kwa adabu tangu mwaka jana likatoka. Mmoja aliambiwa anauliza maswali kama karani wa bandarini, mwingine kwamba anapiga kelele kana kwamba watoto wako kisiwani Wasini na yeye yuko Shimoni. Nami niliambiwa na shemeji yangu kwamba nikifundisha hutazama dari, nikitafuta hatua za somo huko juu. Ni kweli, nilikuwa nikifanya hivyo. Watu walicheka na kila mtu akarekebisha palepale, akafundisha tena.

Bwana Mkufunzi alirudi kutoka Kwale katikati ya shughuli hiyo, akamkuta mwalimu mmoja akimwita mwenziwe punda. Uso ukamwiva. Nilimweleza utani ni nini. Nilimweleza mara mbili. Akasema kukosoa kwa kisasa hakuna matusi wala vicheko, na kwamba tangu siku ile utani ni marufuku kozini. Tukarudi kwenye mashallah. Ilikuwa imebaki miezi michache tu Bakari afanye mtihani.

Basi nikafanya nilichofanya, na sikijutii. Shule zilipofunguliwa nilimwambia Rashidi aende Bodo wiki nzima, mimi nimshikie darasa lake Diani. Bwana Mkufunzi hakuambiwa. Rashidi alikaa nyuma ya darasa la Bakari, na kila mwenzake alipougeukia ubao kupita kiasi, alisema kwa sauti, "Kisogo hicho!" Bakari akageuka. Siku ya pili watoto walikuwa wameshajifunza neno hilo. Siku ya tatu Rashidi hakuwa na haja ya kusema, darasa zima lilisema. Na watoto wanaongojea kumnasa mwalimu wao hawana nafasi ya kubadilishana kaa na maandazi wala kutoka dirishani. Rashidi alirudi akaniambia, "Anageuka sasa. Ana uso mzuri, kumbe."

Siku ya mtihani nilimpeleka Bwana Mkufunzi hadi Bodo. Soksi zake zilifika zimekuwa rangi ya matope. Nje ya banda wazazi walikuwa wamekaa kimya, Bi Mwanasha mbele yao na tasbihi mkononi. Tukaketi nyuma.

Bakari alianza vizuri. Alitazama watoto, aliuliza, alingojea jibu. Kisha woga ukamshika, nikaona kabisa ukimshika, akaanza kuandika hesabu ubaoni na mgongo ukabaki huko. Akaandika, akaendelea kuandika. Na hapo msichana mmoja wa mbele akasema, wazi kabisa, "Kisogo hicho, Mwalimu!"

Bwana Mkufunzi akanyanyua kichwa. Nikasema basi, yamekwisha, ataniuliza na nitasema, na cheti kitakwenda na maji.

Mwalimu Bakari akageuka taratibu, akatabasamu. "Ahsante, mwanangu. Nimegeuka. Haya, nani atanifanyia hii ya kwanza?" Mikono ikainuka darasa zima.

Tulipotoka nje, Bwana Mkufunzi alikuwa amesisimka. Sikuwahi kumwona hivyo. "Watoto wanamrekebisha mwalimu bila hofu, na mwalimu anapokea bila hasira. Hii umeitoa wapi?"

"Ni mbinu mpya, Bwana," nikasema.

Neno mpya lilimtosha. Bakari akafaulu. Bodo walitupikia wali wa nazi na kamba wakubwa, wanawake wakapiga vigelegele, na Bi Mwanasha akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Mungu akulipe. Mmemfundisha." Mwaka uliofuata, kozini, tulifundishwa mbinu ya mtoto kumrekebisha mwalimu, kwa jina refu la Kizungu, kama kitu kilichotoka ng'ambo. Rashidi alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikaumia.

Ningependa kuishia hapo, pamoja na wale kamba. Lakini ninyi mtakwenda kufanya kazi hii, na lazima mjue inavyofanya kazi.

Muhula haukuisha ikaja barua ya uhamisho. Mwalimu Bakari sasa alikuwa mwalimu mwenye cheti, na kwa kanuni mwalimu mwenye cheti hawezi kupotezwa kwenye banda la madarasa mawili. Alitakiwa shule kubwa, huko bara, nyuma ya mlima, mbali na mikoko. Nilipanda Kwale siku hiyohiyo. Nilimwambia karani, nikamwambia mkubwa wa karani, nikasema mtihani wote ule ulifanywa ili Bodo isipoteze mwalimu wake.

"Na umefanya kazi nzuri sana," akaniambia mkubwa, kwa adabu zote. "Tuletee mwingine kama huyo."

"Na Bodo?"

"Tutawapa kijana asiye na cheti. Wewe utamfundisha."

Nilipiga meza. Haikusaidia meza wala mimi. Mwalimu Bakari mwenyewe hakulalamika, alisema ni amri, akafunga mizigo. Watoto walimsindikiza mpaka maji yalipowazuia, nami nilitembea nyuma yao nikisukuma baiskeli.

Wiki iliyofuata nilimpeleka yule kijana mpya. Alikuwa mwema, mwenye haya, sauti yake haifiki dirishani. Bi Mwanasha alitupokea, akatupa madafu, akamkaribisha mgeni kama mwanawe. Kijana alipoingia darasani, yeye akabaki na mimi nje, tukimsikiliza.

"Anaonekana mtoto mzuri," akasema.

"Ni mzuri. Likizo ijayo nitamchukua kozini."

Akanitazama. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Mwalimu," akasema, "nakuomba kwa jina la Mungu. Huyu msimfundishe sana."